Tanga la Mwalimu

Machochwe haina ziwa. Iko bara, upande wa Mugumu, kwenye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na maji makubwa wanayoyafahamu watu wake ni Mto Mara, ambao hauvukwi kwa mchezo kwa sababu ya mamba na viboko. Kule mtu hujulikana kwa ng'ombe na mahindi yake. Mtumbwi hauna kazi. Lakini mto huohuo ukishatoka hifadhini huteremka magharibi, hujitawanya kwenye mabwawa ya mafunjo, hupita chini ya Daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Mwalimu ninayemwandika hapa aliifuata njia hiyo, ila kwa basi.

Ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Machochwe. Kwao hakuna aliyewahi kuvua samaki kwa riziki, na useremala wake wote kabla ya hapo ulikuwa kukarabati madawati. Alilipenda ziwa alipokuwa akisoma Musoma, na alipopata kipato chake mwenyewe aliamua kuunda chombo cha tanga kwa mikono yake. Hataki kuvulia wala kubebea abiria. Anataka kusafiri nacho tu, jambo ambalo wavuvi wa mwaloni, yaani ufuko wa mitumbwi pale Musoma, walilipokea kwa kicheko cha adabu. Wao humwita Mura, kama wanavyomwita kila kijana wa Kikurya anayefika pale. Fundi mzee aliyempa kona ya kufanyia kazi, karibu na mitumbwi yake mwenyewe, humwita Mwalimu, naye humwita Mzee. Kazi hufanyika likizo ya Juni na ya Desemba, na mwisho wa wiki nauli inaporuhusu.

Chombo huanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba vyote. Mvule ndio mti uliosifika kwa kazi hii kuzunguka ziwa zima, kwa kuwa hauozi upesi na wadudu hawaupendi, lakini siku hizi mvule mnene na ulionyooka ni adimu, na ukipatikana bei yake haimfai mwalimu. Basi alinunua mkuku wa mtumbwi wa uvuvi uliovunjwa. Juu ulikuwa wa kijivu, umejaa misumari iliyokatikia ndani. Aliing'oa mmoja mmoja kwa koleo, na uliokataa aliuchimbua pembeni kwa patasi nyembamba mpaka ukaachia. Kila tundu alilizibia kigingi cha mti kilichopakwa gundi, akakikata, akakisawazisha. Kisha akaupitisha tezo, halafu randa, mpaka chini ya ule ukijivu ikatokea rangi ya dhahabu iliyokolea, ngumu, isiyo na ufa. Ulibaki futi 18 za mti mzuri kuliko wowote ambao angeupata sokoni.

Aliulaza juu ya magogo matatu, akavuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho, akaweka pimamaji, akachomeka kabari huku na huku. Alipomaliza alirudia kupima. Mzee, kwa mkuku wake mwenyewe, huchuchumaa upande mmoja, hufumba jicho, husukuma gogo kwa mguu, na kazi imekwisha. Nilitazama wote wawili asubuhi moja, na nilichokipenda kwa Mwalimu ni kwamba hakujaribu kuliiga jicho la Mzee. Alijua hana jicho lile. Alikuwa na uzi, na alikuwa na muda.

Miti miwili ya kusimama, wa omo mbele na wa tezi nyuma, ni ya mninga. Kila mmoja umeungwa kwenye mkuku kwa ulimi na tundu, ukapigiliwa vigingi, na timazi ikaning'inizwa kuthibitisha kwamba haulali kushoto wala kulia. Baada ya hapo alichonga mfereji pande zote mbili za mkuku na kuupandisha kwenye miti hiyo miwili. Ndani ya mfereji huo ndimo ukingo wa ubao wa kwanza unamokaa, na pembe yake hubadilika njia nzima: katikati ya chombo umelala, mbele unasimama. Patasi lazima igeuke kidogo kila shubiri. Hapa mkono ukiharakisha, chombo kitavuja siku zote zilizobaki za maisha yake.

Ubao wa kwanza ndio mtihani. Ukiwa juu ya meza ni ubao wa moja kwa kumi, bapa, ulionyooka. Ukiwa chomboni unatakiwa ulale katikati na kusimama karibu wima ufikapo kwenye mti wa omo; yaani upindwe na kusokotwa kwa pamoja, huku ukingo wake wa chini ukijaa mfereji bila kuacha mwanya wa kupitisha karatasi. Mzee huutazama ubao, huutazama mkuku, huupunguza kwa tezo mahali anapopajua yeye, huuweka, huutoa mara moja tu, na mara ya pili ya kuuweka ndiyo ya kupigilia. Mwalimu alianza na ufito mwembamba unaopindika, akaufunga kwenye mstari ubao utakapopita, akapima nafasi kati ya ufito na mfereji kila baada ya shubiri moja, akaziandika namba kwenye kipande cha boksi. Namba hizo alizihamishia kwenye ubao, akaunganisha nukta, akakata nje ya mstari ili mti ubaki wa kupunguza.

Kisha ikaingia chaki. Alipaka chaki ndani ya mfereji wote, akauweka ubao mahali pake, akaubana, akautoa. Ukingo ulitoka na madoa meupe machache. Palipo na doa ndipo mti ulipogusa, maana yake ndipo palipozidi. Pengine pote palikuwa hewa tupu. Akapitisha randa kwenye madoa tu, mara moja, maranda mepesi yanayojikunja na kudondoka. Akafuta, akapaka tena, akauweka tena. Madoa yakaongezeka. Kila duru yalikuwa mengi zaidi na madogo zaidi, mpaka jioni yakaanza kushikana, na siku iliyofuata ukatoka mstari mweupe mmoja usiokatika kutoka omo hadi tezi. Mzee alipita, akainama, akapitisha kidole gumba juu ya mstari ule, akaendelea na safari yake ya chai. Wanaomfahamu wanasema hiyo ni sifa kubwa.

Kuupinda kulihitaji maji ya moto. Magunia yalilowekwa kwenye sufuria linalochemka, yakafungwa kwenye theluthi ya mbele ya ubao, na maji yakaongezwa kila yalipopoa. Ubao ulipolegea ulianzia katikati, ukabanwa kwa miti miwili na kabari, halafu kamba ikazungushiwa ncha yake na kusokotwa kwa kijiti, mzunguko mmoja, kusubiri, mzunguko mwingine, kusubiri. Mninga hauna haraka. Ukiulazimisha hupasuka kwa mlio mmoja mkavu, na ndivyo ulivyopasuka ubao wa pili, upande wa kushoto, mizunguko miwili kabla ya kufika. Mwalimu aliufungua, akaupangusa, akauweka kando. Sehemu ya ubao ule iliyobaki nzima sasa ni kiti cha nyuma cha chombo, na kwenye boksi lake la vipimo alikuwa ameandika: maji zaidi, muda mara mbili.

Ziwa hili lina historia ya watu waliojifunza kuunda kwa kulazimika. Kabla ya tanga kufika, mitumbwi mikubwa ya Visiwa vya Sese na Buganda ilishonwa kwa nyuzi za mimea na kuendeshwa kwa makafi. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa Lady Alice, mashua iliyoletwa kwa vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, na katika miaka hiyo mfanyabiashara Songoro alikuwa akiunda jahazi lake Ukerewe. Lakini ninayempenda mimi ni Alexander Mackay, mhandisi aliyekuja na wamisionari wa Church Missionary Society. Mwaka 1878 mashua yao, Daisy, ilivunjwa na mawimbi kwenye ufuko wa magharibi. Hawakuwa na mbao nyingine. Wakaikata, wakatoa kipande cha katikati, wakaunganisha omo na tezi, na mbao za kile kipande zikawa viraka. Daisy ilifika Buganda ikiwa fupi kuliko ilivyotoka. Nilimsimulia Mwalimu kisa hicho siku ule ubao ulipopasuka. Alicheka, halafu akauliza waliziba vipi maungio.

Mbao mbili za chini kila upande zilipokaa, ilikuwa zamu ya mataruma, zile mbavu za ndani. Taruma zuri halikatwi kutoka kwenye ubao ulionyooka, kwa sababu nyuzi za mti zingekatika penye kona. Linatafutwa kwenye tawi lililojipinda lenyewe. Hapa Machochwe ikawa na mchango. Mwalimu alikata maboksi kwa umbo la kila taruma, akaenda nayo likizoni nyumbani, akazunguka shambani kwao akiyanyanyua mbele ya migunga mmoja baada ya mwingine. Majirani walidhani anapima ardhi. Alikata matawi ya shamba lao tu. Ng'ambo ya mpaka wa hifadhi hakuna anayeruhusiwa kugusa hata ukuni. Matawi hayo aliyamenya, akaondoa sehemu nyeupe ya nje ambayo bungua huianza kwanza, akayazamisha kwenye lambo la ng'ombe mpaka likizo iliyofuata. Yalikuja Musoma juu ya basi, yamefungwa pamoja na magunia ya mahindi.

Kulichonga taruma ni chaki tena. Upande wake wa nje lazima uguse kila ubao kwa upana wake wote, na kwa kuwa mwili wa chombo hupungua kuelekea ncha, upande huo hukatwa hanamu, na hanamu ya taruma moja si ya jirani yake. Mgunga ni mgumu. Tezo huruka usipolishika vizuri. Alianza na la katikati, pana na lililo rahisi, akaenda mbele na nyuma kwa zamu ili uzito usielemee upande mmoja. Yapo kumi na moja. La mbele kabisa, jembamba, lenye umbo la V, aliliacha mwisho, mkono ulipokuwa umeshazoea.

Mbao za juu ni za msindano zilizotiwa dawa, nyepesi, za bei nafuu, zinazopindika bila ubishi. Baadhi ya mafundi huidharau misindano kwa kuwa huoza mapema. Naona Mwalimu alifanya hesabu sahihi: mti mgumu chini ya maji, mti mwepesi juu, na ubao wa juu ukioza unabadilishwa bila kugusa mkuku. Kila msumari ulitanguliwa na tundu la keekee. Ulipopenya ubao na taruma, mtu mmoja alishikilia chuma kizito kwenye kichwa cha msumari nje, na Mwalimu ndani akaikunja ncha na kuirudisha ndani ya mti. Msumari uliokunjwa hivyo haulegei kwa mtikisiko wa mawimbi. Sauti yake hubadilika unapokaza: kwanza hulia juu, halafu hushuka, halafu huwa nzito kabisa, na hapo fundi huacha.

Kukalafati kulifanywa kwa pamba, na mkoa wa Mara haukosi pamba. Pamba ilisokotwa nyuzi zenye unene wa penseli, ikapakwa mafuta, ikasukumwa ndani ya kila maungio kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ikishindiliwa mno, husukuma mbao na kuzitenganisha. Ikishindiliwa kidogo, maji huitoa. Pwani, mafundi wa Pemba na Lamu wangepaka pia mafuta ya samaki yaitwayo sifa juu, na deheni ya mafuta na chokaa chini, na kila baada ya muda wangekipandisha chombo na kukichoma kwa moto wa makuti ili kuua funza wa baharini wanaotoboa mbao. Ziwani funza hao hawapo. Maji baridi yanaozesha, lakini hayatoboi, na chumvi haipo ya kula misumari. Kwa hiyo Mwalimu aliziba, akapiga lipu nyembamba ya kuzibia vichwa vya misumari, akapaka rangi. Kupaka rangi kulikuwa siku mbili za watoto wa mwaloni kugombania brashi.

Tanga aliliacha kwa Desemba, na ndilo lililonifanya nirudi. Ni la pembe tatu, la kupandishwa kwa foromali, umbo lililokuja ziwani kutoka pwani na kubaki. Siku hizi mengi ya mwaloni yameshonwa kwa turubai la plastiki. Mwalimu alitaka amerikani. Alichora tanga kwenye mchanga kwa vigingi na kamba, ukubwa kamili. Kisha, badala ya kuziacha kingo zimenyooka, akazivuta nje kwa upinde mdogo, upana wa kiganja katikati, ukipotea kwenye pembe. Upinde huo ndio unaozaa tumbo la tanga. "Ukilikata bapa kama shuka," Mzee alimwambia, "upepo utapita, hautakaa." Vipande vya kitambaa vilipangwa sambamba na ukingo wa nyuma, vikashonwa kwa cherehani ya fundi nguo wa sokoni, kila mshono ukikunjwa mara mbili ili uzi usionekane na jua. Kamba ya ukingo ilishonwa kwa mkono, kwa sindano ya magunia, shubiri kwa shubiri. Kitambaa kilibanwa kidogo kwenye kamba kila mshono, kwa sababu kamba mpya hurefuka na kitambaa hakirefuki kwa kiasi hichohicho. Ukivishona sawasawa, mwaka ujao mvuto wote utakuwa juu ya kitambaa.

Foromali ni miti miwili myembamba iliyofungwa pamoja katikati, mkia kwa mkia ikipishana futi nne, ili ncha zipindike na katikati pawe pagumu. Mlingoti ni mkaratusi mchanga, umemenywa na kukaushwa kivulini taratibu, maana mkaratusi ukikaushwa juani hujisokota. Haukusimama wima, ulilala mbele kidogo, kama desturi ya matanga ya aina hii. Kwa hiyo foromali hubembea mbele ya mlingoti na tanga huwa na nafasi ya kugeuka.

Walikishusha majini juu ya magogo, wavuvi wakisukuma, na kilikaa juu ya maji kikiwa kimeinamia nyuma. Mifuko ya mchanga ya kusawazisha uzito ikahamishwa mbele. Siku mbili kilifungwa ufukoni kinywe maji, mbao zivimbe na kubana pamba, Mwalimu akifua maji kila asubuhi na kuandika ni ndoo ngapi. Zilipungua.

Upepo wa ziwa hili una ratiba. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, na alfajiri upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda mambo hugeuka, na alasiri upepo hurudi ufukoni. Wavuvi wa tanga wameishi kwa ratiba hiyo vizazi vingi. Mwalimu aliondoka gizani bado, amevaa jaketi okozi, pamoja na kijana mmoja wa mwaloni wa kushughulikia foromali. Nilibaki ufukoni na Mzee. Tanga lilipandishwa, likapigapiga, halafu likajaa. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja kwenye ukingo wa nyuma. Mkondo mwembamba ulitokea nyuma ya usukani.

Kurudi ndiko kugumu, hasa kugeuza. Tanga la aina hii haligeuzwi kwa kuielekeza omo kwenye upepo. Chombo hupewa mgongo wa upepo, kamba ya tanga huachiwa, foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti, tanga huzungushwa mbele yake kwenda upande wa pili, kisha kila kitu hufungwa upya kabla chombo hakijapoteza mwendo. Alasiri, upepo ukiwa umekwisha kugeuka, tuliwaona wakifanya hivyo mbali kidogo na ufuko. Mara ya kwanza kamba ilinasa na tanga likapiga makofi muda mrefu. Mara ya pili lilipita. Mara ya tatu lilipita upesi zaidi, na kijana akarudi kukaa upande wa upepo kabla ya kuambiwa. Mzee hakuwa akiwatazama watu. Alikuwa akitazama povu la usukani, ambalo lilibaki upande mmoja tu.

Walipofika, kabla ya salamu, alimwambia Mwalimu kwamba omo inakimbilia upepo.

"Nimeiona, Mzee. Mkono umechoka kwa kuushikilia usukani."

"Mlingoti usogee mbele zaidi. Vidole viwili."

Mwalimu alisema yeye alidhani kimoja, kwa sababu mifuko ya mchanga nayo iko mbele mno, na angependa kuhamisha mifuko kwanza aone. Mzee alifikiri. Akasema sawa, mifuko kwanza, kesho, kwa upepo uleule wa asubuhi. Mwalimu alitoa chaki mfukoni, akaweka alama kwenye kitako cha mlingoti ulipo sasa, na nyingine, nyembamba, kidole kimoja mbele yake.